Mvumo Unaotoka Mto Tana

Jirani yangu hapa Laare, mzee wa rika la baba yangu, ana redio ndogo ya mawe, yaani ya betri. Alfajiri, kabla wachumaji hawajaparamia miti ya miraa, huifungua asikilize habari kwa Kimeru. Mtangazaji akitua kuvuta pumzi, redio nayo hutulia tuli kama kisima. Jumapili mzee huyo huyo huketi kanisani mbele ya spika mbili ndefu kuliko yeye, zilizonunuliwa kwa harambee. Pasta akisema tuombe kimya, wazee wananyamaza, watoto wananyamaza, ila spika hazinyamazi. Zinavuma mmmm mpaka amina.

"Fundi," aliniuliza siku moja tukitoka, "hii yangu ya mawe mawili inajua kunyamaza. Ile ya pesa zetu zote mbona haijui?"

Mzee aliuliza kitu kikubwa kuliko alivyodhani. Jibu fupi ni kwamba mawe hayana mdundo. Ndani ya betri kemikali inasukuma umeme upande mmoja, kwa nguvu ile ile, mchana na usiku. Stima ya ukutani si hivyo. Inakwenda na kurudi mara 50 kila sekunde, yaani hezi 50, na mdundo huo haukuanzia kanisani wala kwenye nguzo iliyo nje ya kanisa. Ulianzia mbali, na sehemu yake moja jirani zetu wa Embu wanaijua vizuri: ni yale mabwawa ya mto Tana yanayoitwa Seven Forks. Kindaruma ilianza kuzalisha umeme mwaka 1968, ikafuata Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Mashine za huko, pamoja na zile za mvuke wa Olkaria, zimeunganishwa kwa nyaya na hucheza kwa mwendo mmoja kama wachezaji wa isukuti. Hakuna inayoweza kwenda haraka peke yake. Hezi 50 za Kindaruma ndizo hezi 50 za Laare. Mpiga gitaa la besi akibonyeza kituo cha tatu cha waya ulio mnene kuliko zote atapata noti ya hezi 49, karibu kabisa na sauti ya mto Tana ndani ya spika yako.

Kazi ya bodi ya umeme ya amplifaya ni kuichukua stima hii yenye mdundo na kuigeuza iwe kama mawe. Nimezitengeneza bodi hizi kwa mkono, nikaharibu nyingi. Kuna jambo moja ambalo natamani ningeambiwa siku ya kwanza. Mafundi wengi tukisikia mvumo tunakimbilia kuongeza kapasita. Mara nyingi kapasita zilizopo zinatosha. Kosa liko kwenye njia ambayo umeme unapita ukirudi ulikotoka.

Tuanze na safari yenyewe. Stima ya volti 240 inaingia kwenye transfoma, inatoka ikiwa ndogo, tuseme volti 25 kila upande wa waya wa katikati. Transfoma hupunguza volti lakini haiondoi mdundo. Kisha kuna dayodi 4 zilizopangwa kama daraja. Kazi yake ni ya askari wa mlangoni: mkondo unaokwenda unapita, unaorudi unageuzwa uelekee upande ule ule. Sasa umeme unasukuma upande mmoja tu, ila bado unasukuma kwa vipindi, na kwa kuwa kila nusu ya wimbi imegeuzwa, vipindi vimekuwa 100 kwa sekunde. Ndiyo maana kuna mivumo ya aina mbili, na fundi mwenye masikio huitofautisha kabla ya kufungua skrubu. Ule wa hezi 50 ni mzito na laini, kama nyuki walio mbali. Ule wa hezi 100 una meno, unakwaruza, kwa sababu umebeba pia mivumo midogo ya 200, 300, 400 na kuendelea.

Baada ya dayodi huja kapasita kubwa. Mfano wa tangi la maji hapa unafaa. Anayeishi kwenye milima ya Nyambene anajua mvua haiji kila saa, kwa hiyo anaweka tangi, na maji ya jikoni yanatoka muda wote. Kapasita hujazwa kila kilele cha wimbi na hutoa umeme kati ya kilele na kilele. Kina chake hupanda na kushuka kidogo, na kushuka huko kunapimika kwa hesabu ya darasa la nane: zidisha ampea kwa sekunde za kusubiri, gawa kwa faradi. Amplifaya ikila ampea 2, na kilele kikija kila baada ya sekunde 0.01, kapasita ya mikrofaradi 10,000 itashuka volti 2. Ya 20,000 itashuka volti 1. Ya 4,700 itashuka zaidi ya volti 4.

Hesabu hii ndiyo inayotupoteza. Mtu akiiona anasema: basi niweke 40,000, niweke 80,000, mvumo utakwisha. Nilisema hivyo pia. Amplifaya yangu ya kwanza ya kanisa niliijenga juu ya bodi niliyochora mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika, nikaweka 4,700 kila upande. Ilivuma. Nikapanda gari hadi Luthuli Avenue, Nairobi, nikarudi na kapasita za kufikisha 20,000. Ikavuma zaidi, tena sasa kwa ukali, kama msumeno. Nilikaa wiki nzima nikilaumu kapasita, nikalaumu transfoma, nikalaumu stima ya kijijini. Kosa lilikuwa mstari wa shaba wa urefu wa kidole.

Hapa tupunguze mwendo. Kapasita haijazwi muda wote. Dayodi hufunguka tu pale wimbi linapopanda juu kuliko kiasi kilichobaki kwenye tangi, yaani kwa kitambo kifupi karibu na kilele, pengine milisekunde 2 kati ya kila 10. Umeme wote wa milisekunde 10 lazima uingie kwa hizo 2. Amplifaya inakula ampea 2 kwa utulivu, lakini kati ya transfoma na kapasita zinapita ampea 10, mara 100 kwa sekunde, kwa mishindo. Ukiongeza ukubwa wa tangi, kina hakishuki sana, dayodi inafunguka kwa muda mfupi zaidi, na mshindo unakuwa mkali zaidi. Tangi kubwa limetuliza maji ya jikoni, lakini limeongeza kishindo kwenye bomba la kuingizia.

Kishindo hicho kinapita juu ya shaba, na shaba si kitu bure. Bodi za kawaida zina shaba ya unene wa mikromita 35. Kipande chake cha mraba, kiwe kikubwa au kidogo, kina ukinzani wa karibu miliomu nusu. Mstari wa upana wa milimita 2 na urefu wa sentimita 10 ni miraba 50 iliyopangwa foleni: miliomu 25. Pitisha ampea 10 hapo na ncha mbili za mstari zitatofautiana kwa robo ya volti. Tunaizoea shaba kama kitu kimoja kisicho na tofauti, tunasema "hapa ni sifuri na pale ni sifuri", kumbe sifuri ya hapa na sifuri ya pale zinapishana kwa robo ya volti, mara 100 kila sekunde.

Sasa chukua waya wa ingizo la amplifaya, ule unaotoka kwenye mikisa, na uunge sifuri yake mahali popote kwenye mstari huo. Hata kama unashiriki milimita 1 tu ya njia ya mshindo, umeongeza milivolti 2.5 kwenye muziki. Amplifaya hukuza mara 30 hivi. Kwenye spika zitafika milivolti 75 za mvumo, na spika kubwa za kanisani zinasikika kwa chini ya hapo. Milimita moja. Hakuna kapasita duniani itakayoponya milimita hiyo, kwa sababu mvumo haupiti kwenye kapasita, unapita kando yake.

Mtu wa Laare hahitaji mfano mwingine zaidi ya pikapu za miraa. Miraa huanza kuharibika ndani ya siku mbili, kwa hiyo pikapu inaondoka hapa kama imechomwa mkia. Hakuna mji wenye akili unaopitisha barabara hiyo katikati ya uwanja wa shule ya chekechea. Pikapu zina njia yake, watoto wana njia yao, na zinakutana mahali pamoja tu palipopangwa. Kwenye bodi, mshindo wa dayodi ni pikapu, muziki ni watoto.

Kwa hiyo ukichora bodi, anza na sifuri kabla ya kitu kingine chochote. Weka kapasita za upande wa chanya na za upande wa hasi zikitazamana, na kati yake utandaze bamba pana la shaba, sentimita 2 au zaidi. Waya wa katikati wa transfoma uingie kwenye bamba hilo upande mmoja, karibu na dayodi. Hapo ni sifuri chafu. Mishindo itaingia, itajaza kapasita na kurudi, yote ndani ya bamba hilo. Kisha kutoka ncha ya pili ya bamba, baada ya kapasita ya mwisho, toa ulimi mmoja wa shaba unaoishia kwenye duara. Huo ulimi haubebi mshindo hata kidogo. Duara hilo ndilo sifuri safi, na kila kinachohitaji sifuri kitaungwa hapo na si kwingine: waya wa kurudi wa spika, sifuri ya saketi ya nguvu, sifuri ya ingizo, kila mmoja kwa waya wake. Ukitaka kujua kama fundi anaielewa kazi yake, usiulize ametumia kapasita gani. Mwambie akuonyeshe duara hilo.

Niliporudi kwenye bodi yangu ya msumeno, nilikata mstari mmoja kwa wembe, nikauunga waya wa sentimita 6 kwenda upande wa pili wa kapasita. Mvumo ulikwisha. Kapasita za Nairobi sikuzitoa, ila najua hazikufanya kazi yoyote.

Baada ya kupanga njia ndipo inafaa kuongeza vichujio, na hapo pia fedha kidogo hufanya kazi kubwa. Gawa kapasita zako mafungu mawili badala ya kuziweka zote pamoja, na kati ya fungu la kwanza na la pili weka rezista ya omu 0.22 ya wati 5. Utapoteza chini ya nusu volti kwenye ampea 2. Kwa hezi 100 yenyewe faida ni ya wastani, mvumo hubaki kama sehemu 6 kati ya 10. Lakini kwa yale meno ya juu, tuseme hezi 1,000, kinachopita ni kama sehemu 1 kati ya 14. Sikio linachukia meno kuliko mvumo mzito, kwa hiyo unasikia tofauti kubwa kuliko hesabu ya hezi 100 inavyoahidi. Weka pia kapasita ndogo ya nanofaradi 100 sambamba na kila dayodi. Dayodi ikifunga ghafla huacha mtikisiko wa masafa ya redio, na hiyo kapasita huumeza.

Sehemu ya maikrofoni inataka utulivu zaidi, maana inakuza milivolti chache tu. Bahati nzuri inakula umeme kidogo mno. Hapa ndipo reguleta inapoingia: LM317 kwa upande wa chanya na LM337 kwa upande wa hasi. Ya kwanza ilibuniwa na Robert Dobkin katika kampuni ya National Semiconductor kule California miaka ya 1970, na hadi leo kibanda chochote cha redio kinayo au kinajua inakopatikana. Rezista mbili ndizo zinazoipa amri. Kwa omu 220 na omu 2,400 utapata volti 15. Usisahau kapasita ya mikrofaradi 10 kutoka mguu wa kurekebisha kwenda sifuri. Kidude hicho cha bei ya peremende hupunguza mvumo unaopenya na pia ile sauti ya mvua ya mbali ambayo reguleta yenyewe huitoa. Ukiiweka, weka na dayodi ya kuilinda reguleta, la sivyo siku moja ukizima ghafla kapasita itajimwaga kupitia mguu huo.

Kuna ugonjwa wa reguleta ambao naona unaisumbua Laare na vijiji vingi vilivyo mwisho wa laini. Vyombo ni vizuri mchana, mkesha ukianza jioni vinavuma. Watu husema ni mapepo, na fundi husema ni transfoma. Ni saa ya chakula: kila nyumba imewasha, mashine ya kusaga mahindi inazunguka, mchomeleaji wa jua kali anamalizia geti la watu, wote kwenye transfoma moja ya nguzoni. Volti 240 zimekuwa 200. LM317 ili ifanye kazi inataka volti 3 hivi juu ya zile inazotoa, yaani 18 ili kutoa 15. Mwenye kununua transfoma ya volti 15 kila upande atapata kilele cha volti 20 hivi mchana, mambo shwari. Ukuta ukishuka hadi 200, kilele kinakuwa chini ya 17. Reguleta inakosa nafasi, inaacha kuchuja, mvumo wote unapita kama hakuna mlango. Ukitumia transfoma ya volti 18 kila upande, kwenye ukuta huo huo wa 200 utabaki na zaidi ya 19, na mkesha utakuwa mtulivu hadi asubuhi.

Kosa la upande wa pili lipo pia. Transfoma nyingi za dukani zimeviringwa kwa ajili ya volti 220. Uichomeke Kenya kwenye 240 na kila namba inapanda kwa asilimia 9. Ile ya 25 itatoa 27 na ushee, kilele karibu volti 38, na ikiwa haina mzigo itapanda zaidi. Aliyeweka kapasita za volti 35 kwa sababu alikadiria 35 kamili, atazisikia zikipasuka. Weka za volti 50 kwa bodi hii. Na kama saketi yako ya nguvu ni TDA7294, ambayo mwisho wake wa kufanya kazi ni volti 40 kila upande, pima kwanza transfoma ikiwa tupu kabla ya kuiunga.

Nimetaja kapasita, kwa hiyo nitaje na uongo ulio sokoni. Zipo kapasita zenye mwili mkubwa na maandishi ya dhahabu ambazo ukizipasua unakuta kapasita ndogo ndani, imefungwa kama mtoto kwenye blanketi la mtu mzima. Huna haja ya kipimo cha bei ghali. Ijaze kapasita yako kwa betri ya volti 12, iondoe, iunge na rezista ya omu 1,000 huku mita ikiwa juu yake, na utazame saa. Ya mikrofaradi 10,000 ya kweli huchukua sekunde 10 kushuka hadi volti 4.4. Ikishuka kwa sekunde 3, umenunua blanketi.

Kuhusu kuichapa bodi yenyewe sina mengi. Wengine huchapa mchoro kwa printa ya leza kwenye karatasi ya gazeti linalong'aa, wakaipiga pasi juu ya shaba, kisha wakaizamisha kwenye feriki kloraidi hadi shaba isiyofunikwa iliwe. Vaa glavu, na yale maji ya kahawia usiyamwage shambani wala mtoni. Wengine siku hizi hutuma mchoro kiwandani China. Mimi bado nachora kwa kalamu, halafu naipaka risasi ya kulehemu juu ya njia nene ziwe nene zaidi. Haipendezi machoni lakini inanyamaza.

Transfoma nayo ina tabia yake. Huvuma kwa usumaku hata bila kugusa kitu, kwa hiyo iweke mbali na sehemu ya maikrofoni, sentimita 15 kwenda juu ukiweza. Ile ya duara ina adabu kuliko ya pembe nne. Ukiizungusha polepole huku mwenzako ametega sikio kwenye spika, kuna pembe moja ambapo mvumo huzama. Lakini bolti yake ya katikati isiguse chini na kifuniko cha boksi kwa pamoja. Ikigusa pande zote mbili, bolti na boksi vinakuwa mzunguko mmoja wa waya, umeme mkubwa unazunguka humo, na baada ya dakika chache utaipata transfoma kwa harufu.

Siku ya kuwasha mara ya kwanza, pitisha stima kupitia balbu ya wati 60 ya waya wa kuwaka, iliyoungwa kwa mfululizo. Ikimeta kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shida. Ikibaki inawaka kwa nguvu, zima. Kuna kitu umekigeuza, na balbu imekuokolea fyuzi au jicho. Pima volti za pande zote mbili kabla ya kuunga amplifaya. Ukizima, kumbuka kapasita bado zimeshiba: weka rezista ya omu 2,200 ya wati 2 sambamba na kila fungu ili zijimwage zenyewe, na hata hivyo upime kabla ya kutia kidole.

Kisha msake mvumo uliobaki kwa utaratibu. Zungusha kitasa cha sauti. Mvumo ukipungua, unatoka kabla ya kitasa. Ukibaki vile vile, uko baada yake, kwenye bodi ya umeme au kwenye sifuri zako. Funga ingizo kwa kipande cha waya. Ukinyamaza, bodi yako haina kosa, mvumo unaletwa na kebo kutoka nje. Mita nzuri ikiwekwa kwenye milivolti za mkondo geu, kwenye nyaya za spika, ikisoma chini ya 1, unaweza kumwita mzee wa redio ya mawe aje asikilize.

Nina neno kwa wenye pikapu pia, maana huniuliza kwa nini redio ya gari inapiga mluzi unaopanda na mwendo. Hiyo si stima ya Tana, ni altaneta yako mwenyewe, lakini dawa ni ile ile. Amplifaya ipate waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, chanya na hasi, usiazime bati la gari kuwa njia ya kurudi.

Mvumo unaoletwa na kebo ndio ulionipeleka kwenye kanisa la mzee. Mikisa ilikuwa imechomekwa kwenye soketi ya madhabahuni, amplifaya kwenye soketi ya mlangoni, na kila moja ilikuwa na waya wake wa ardhi. Kebo ya sauti ilipoziunganisha ikatokea pete kubwa, kuzunguka jengo zima, na pete ya waya ndani ya jengo lenye stima huokota hezi 50 kama wavu. Fundi aliyenitangulia, ambaye simjui na sitaki kumjua, alikuwa ameiona dawa yake. Alifungua plagi ya amplifaya, akakata ule waya wa kijani na manjano, akafunga plagi. Mvumo ulipungua kweli. Na tangu siku hiyo boksi la chuma lenye transfoma ya volti 240 ndani yake lilikuwa halina ardhi, huku mwimbaji akishika maikrofoni ya chuma kwa mikono yenye jasho.

Njia sahihi haina gharama. Boksi la chuma liungwe na waya wa ardhi kwa bolti ngumu, bila kitu katikati, siku zote. Sifuri safi ya saketi, lile duara, ndiyo unayoitenganisha kidogo na boksi: rezista ya omu 10, na sambamba nayo dayodi mbili nene zilizogeuziana. Mvumo mdogo wa pete hauwezi kuvuka omu 10 kwa urahisi. Lakini transfoma ikipasuka ndani na stima ikaingia kwenye saketi, dayodi zinafunguka mara moja, umeme unakwenda ardhini na fyuzi inakatika kabla ya mtu. Kisha nikachomeka mikisa na amplifaya kwenye soketi moja, na kazi ikaisha.

Baite, mafundi wenzangu, na nyinyi wazee wa kanisa mnaoshika funguo za vyombo: kabla ya Jumapili ijayo fungueni kila plagi ya amplifaya na mikisa, mtazame kama waya wa kijani na manjano bado umeshikwa na skrubu yake. Mkiukuta umekatwa, urudisheni kwanza, hata kama mvumo utarudi pamoja nao.